Dakika Kumi na Moja

Kompyuta ilizimika dakika ya kumi na moja, huku kioo chake kikisema bado ina chaji asilimia arobaini na mbili. Vitalia aliitazama saa ya mkononi ya mumewe, kisha akaandika "11" nyuma ya bahasha ya mwaliko wa harusi, chini ya "12" ya jana na "11" ya juzi.

"Inadanganya," alisema.

"Nani?" aliuliza Luisa, binti yake, aliyekuwa amekaa kitandani akipanga karatasi zake.

"Hii mashine yako. Inasema arobaini na mbili, halafu inakufa. Mtu mwenye karibu nusu debe la mahindi hawezi kusema mahindi yamekwisha."

"Betri imechoka, mama. Ikichoka, hesabu zake zinaharibika."

"Imechoshwa na nini?"

"Sijui. Wewe hata kuiwasha huwezi, unahangaika nayo ya nini?"

"Nataka kujua ilikuwaje," alisema Vitalia, akarudisha waya kwenye soketi ya ukutani.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita. Jumanne ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, Luisa alitakiwa kuutetea utafiti wake mbele ya watahini watatu waliokaa katika miji mitatu tofauti, wote wakikutana naye mtandaoni. Utafiti ulihusu kina mama wa mwambao wa Ziwa Nyasa na namna wanavyokausha usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo: juu ya mchanga, au juu ya vichanja vya matete. Barua ya chuo ilikuwa na ukurasa mmoja na haikuacha nafasi ya maswali. Mtahiniwa atumie kompyuta, si simu. Atetee kwa dakika arobaini. Akipotea mtandaoni kwa zaidi ya dakika kumi, anaahirishiwa hadi Machi na atalipa tena ada ya nusu mwaka.

Mtandao haukuwa tatizo, kwa sababu ulitoka kwenye simu na mnara ulionekana kutoka uani. Tatizo lilikuwa umeme. Katika asubuhi ishirini na moja zilizopita, pale kijijini Namswea umeme ulikuwa umekatika asubuhi tisa, na mara nyingi haukurudi kabla ya saa sita. Vitalia ndiye aliyehesabu. Hakuna aliyemtuma.

*

Kibanda cha fundi Praygod kilikuwa nyuma ya stendi ya Mbinga, kati ya duka la pembejeo na saluni. Watu wanne walikuwa kwenye benchi, kila mmoja na simu yake mbovu mkononi. Vitalia na Luisa walisimama kwa nusu saa kabla ya fundi kunyoosha mkono kuipokea kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, sogea pembeni kidogo, unaniziba mwanga. Na hapo mezani usiguse."

Vitalia alisogea, lakini shingo haikusogea. Praygod alifungua skrubu kumi, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa ya maji, akainua mgongo wa kompyuta kwa ukucha wa dole gumba. Alisita. Kisha akasogeza pua.

"Hii inanuka moshi."

"Kila kitu cha kwetu kinanuka moshi," alisema Luisa. "Hata mimi."

Mmoja wa waliokaa kwenye benchi alicheka. Praygod hakucheka. Aliinamisha kompyuta ili waone. Betri ilikuwa bapa jeusi, pana kama kiganja, lakini katikati ilikuwa imeinuka na kupasua gundi yake.

"Imevimba kama andazi. Hii haitakiwi kurudi humu hata kama ingekuwa inakaa na chaji. Ikitoboka inawaka moto." Aliing'oa polepole, akaiweka nje juu ya tofali, mbali na kila kitu. "Mlikuwa mnaitumiaje?"

"Kawaida," alisema Luisa.

"Kawaida ndiyo nini? Filamu usiku kucha?"

"Mimi sina filamu hata moja humo."

"Tutaona." Alichomeka kompyuta kwenye umeme, akaandika amri fupi kwenye kioo cheusi, na ukurasa mrefu wenye majedwali ukafunguka. Vitalia alisogea tena kwenye mwanga, na safari hii fundi hakumfukuza.

"Hicho ni nini?" aliuliza.

"Kumbukumbu, mama. Mashine inaandika yenyewe kila wiki betri yake inabeba kiasi gani. Tazama huu mstari. Ikiwa mpya ilibeba elfu arobaini na moja."

"Elfu arobaini na moja za nini?"

Praygod alimtazama. Katika miaka sita ya kazi hakuna mteja aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Za nguvu. Chukulia ni vijiko vya mafuta kwenye koroboi. Sasa huku, tarehe sita Juni, elfu thelathini na moja. Ni uzee huo, sawa, mashine ina miaka saba. Halafu pengo. Halafu tarehe kumi na nane Agosti, elfu sita."

"Kwenye pengo ilitumika saa ngapi?"

"Sifuri. Haikuwashwa kabisa."

Luisa alivuta pumzi kwa nguvu. "Nilikuwa ziwani, mafunzo kwa vitendo. Kule nilikokaa hapakuwa na umeme, nikaiacha nyumbani. Umeona, mama? Sikuigusa."

"Nimeona," alisema Vitalia.

"Uliiacha na chaji kiasi gani?" fundi aliuliza.

"Mia kwa mia. Niliijaza makusudi."

"Ulikosea kidogo, ingekaa nusu. Lakini hilo peke yake halili elfu ishirini na tano kwa wiki kumi." Praygod alihesabu kwa vidole. "Betri inauawa na mambo matatu. Uzee, kuchajiwa ovyo, na joto. Ilikaa kwenye gari? Kwenye jua?"

"Namswea mwezi wa Juni hakuna jua," alisema Vitalia. "Ni ukungu mpaka saa tano."

Hilo lilikuwa kweli, na yeye mwenyewe alijua kwamba halikuwa jibu lote.

Bei zilikuwa mbili. Betri iliyokwisha kutumika, ambayo Praygod alikuwa nayo kwenye droo, shilingi elfu sitini na tano. Ingeweza kukaa mwaka au mwezi, hakuweza kuapa. Betri mpya ya kuagiza Dar es Salaam, laki moja na thelathini, ingefika kwa basi baada ya siku tatu.

"Na wewe ungefanyaje?" Vitalia aliuliza.

"Mama, kompyuta hii leo nikiinunua naitolea laki mbili na nusu, na hapo nimekuonea huruma. Ukiniuliza kama mfanyabiashara, usiweke betri ya laki moja na thelathini kwenye mashine ya miaka saba. Ukiniuliza kama mtu mwenye mtihani wiki mbili zijazo, weka." Alipunguza sauti. "Nani analipa?"

Swali lilisikika mpaka kwenye benchi. Luisa alianza kufunga zipu ya mkoba wake ambayo ilikuwa tayari imefungwa.

"Tutashauriana," alisema Vitalia. "Hiyo karatasi yenye vijiko unaweza kuichapa?"

*

Siku iliyofuata Luisa alikwenda parokiani kuazima meza. Vitalia aliingia chumbani kwa binti yake na kuchukua kipimajoto. Kilikuwa kijiti cha chuma chenye kioo kidogo cha namba, kile ambacho Luisa alikuwa akikichomeka kwenye vichanja vya usipa. Bado kilinuka samaki.

Jiko lilikuwa nyumba ndogo ya tofali nyuma ya nyumba kubwa. Juu ya mafiga matatu palikuwa na dari la fito, ambalo juu yake mahindi ya mbegu yalining'inia kwa maganda yake, meusi na makavu, bila mdudu hata mmoja. Hapo ndipo kitu chochote cha thamani kilipowekwa msimu wa ukungu: mbegu za maharage, chumvi, mwaka mmoja hata cheti cha ubatizo cha Luisa. Chumbani kitu kama hicho kingeota ukungu wa kijani kabla ya mwezi kwisha. Wakati wa kuondoka kwenda ziwani Luisa alikuwa amesema neno moja tu: "Mama, naomba usiache ipate unyevu." Vitalia aliifunga kompyuta kwa kitenge, juu yake blanketi la mtoto, akaipandisha darini, akaipa sehemu iliyo bora kuliko zote, katikati. Siku moja kabla ya binti kurudi aliishusha, akaifuta, akaiweka kitandani. Hakuificha. Aliisafisha kwa ajili ya mwenye mali, basi.

Alipanda kwenye kigoda, akalaza kipimajoto pale pale. Kabla ya moto kilisoma kumi na tisa. Alibandika maharage, moto wa siku zote, kuni tatu. Baada ya nusu saa, thelathini na nane. Baada ya saa moja, arobaini na saba. Aliposonga ugali kilifika hamsini na tatu na kukaa hapo.

Aliweka kiganja kwenye fito. Zilikuwa za vuguvugu, na kiganja kilivumilia bila shida. Alishangaa. Kwa miaka ishirini na minane mkono wake ulikuwa ukimwambia kwamba pale juu pana joto la wastani, na mkono ulikuwa umezoea tu. Alirudia zoezi hilo jioni, akapata hamsini na moja. Asubuhi iliyofuata, hamsini na mbili. Kisha akaazima simu ya Luisa akidai anataka kumpigia dada yake, akatoka nje, akampigia fundi Praygod.

"Nyuzi hamsini ni nyingi kwa betri?"

"Nani mwenzangu?"

"Mama wa vijiko."

"Aa, mama! Hamsini ni nyingi sana. Kwa siku ngapi?"

"Kila siku mara mbili. Wiki kumi."

"Basi usitafute tena, mama," alisema fundi. "Umeshapata."

Vitalia alirudisha simu. Hakumwambia Luisa, na hakumwambia mumewe Joakim. Jumapili ilikuwa baada ya siku mbili.

*

Katika ukoo wa Joakim sengu, mlo wa pamoja wa kushauriana, bado ilikuwepo, ingawa si ya kila jioni kama ilivyokuwa kwa Wamatengo wa zamani. Jumapili baada ya misa kila nyumba ilipeleka chakula kwa Bibi Rosina, mama yake Joakim. Watu walikula pamoja, wanaume kwenye sinia zao na wanawake kwenye zao, na shauri lolote lilisubiri mpaka wote wawe wamenawa mikono. Kompyuta yenyewe ilinunuliwa na sengu, miaka minne iliyopita, ikiwa tayari imetumika. Nusu ya bei alitoa Ladislaus, mdogo wake Joakim, dereva wa lori la makaa ya mawe katika mgodi wa Ngaka. Joakim, baba wa mtoto, alitoa kidogo kuliko wote, na hakuna aliyewahi kulitaja hilo mbele yake, ila alijua kwamba wanalikumbuka.

Joakim ndiye aliyewasilisha. Alisema haraka, macho yake yakiwa kwenye birika la maji. Betri imekufa, mtihani umebakiza siku tisa, mpya ni laki moja na thelathini.

"Imekufa kwa ugonjwa gani?" aliuliza Ladislaus.

"Imevimba."

"Imevimba! Mtoto wa kaka anaangalia tamthilia za Wakorea mpaka mashine inaota kitambi."

Watu walicheka. Ladislaus hakuwa mtu mbaya, na alimpenda Luisa kuliko alivyoonyesha, lakini alikuwa amelala kwa saa nne tu kila usiku, siku tatu mfululizo, na alijua kwamba mwisho wa mazungumzo mkono utakaotafutwa ni wake.

"Baba mdogo, sikuiangalia," Luisa alisema, akasimama na karatasi. "Hapa pameandikwa. Juni mpaka Agosti haikuwashwa."

Ladislaus aliipokea, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho. "Imeandikwa Kiingereza, na aliyeandika ni kompyuta yenyewe. Mshtakiwa anajitolea ushahidi."

"Nenda gesti, mwanangu," alisema Bonifasia, mke wa Ladislaus, kwa upole. "Zile za mjini zina jenereta."

"Nimeuliza zote tatu, mama mdogo. Wanawasha saa moja jioni. Mimi natetea saa nne asubuhi."

"Basi omba Mungu umeme usikatike."

"Ninaomba. Lakini umekatika mara tisa katika ishirini na moja."

"Nani amehesabu?"

"Mama."

Macho yalimgeukia Vitalia, kisha yakarudi. Ladislaus alikuwa ameikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa shati, na sauti yake ilikuwa imepoa.

"Nisikilizeni. Fedha inaweza kupatikana. Lakini mimi tairi la lori likipasuka, bosi haanzi na bei. Anauliza limepasuliwa na nini. Mawe? Upepo mdogo? Dereva? Nikimwambia sijui, hanipi jingine, kwa sababu nalo litapasuka. Hapa naambiwa kitu kilikaa nyumbani kimelala, hakikuguswa, kikavimba chenyewe. Nikitoa leo, Desemba kitavimba tena. Huo ndio msimamo wangu. Aende Machi."

Hoja ilikuwa nzuri. Luisa aliketi. Joakim alimwaga maji ya birika chini, polepole, kana kwamba birika lilikuwa chafu.

Vitalia alikuwa akiifikiria hoja ile na akaona kwamba yeye pia angesema hivyo hivyo. Kwa Ladislaus asiyejua sababu, kukataa ndiko kulikuwa sahihi. Mtu mmoja tu pale ndiye aliyejua sababu.

"Mama," alimwambia Bibi Rosina, "naomba kusema."

Wake wa ukoo ule walizungumza kwa ruhusa ya bibi. Bibi Rosina alitikisa kichwa kukubali.

"Shemeji ameuliza imepasuliwa na nini. Imepasuliwa na mimi."

"Wewe?" alisema Joakim.

"Niliiweka darini, jikoni. Luisa alisema isipate unyevu. Ilikaa huko tangu Juni mpaka Agosti. Nimepima kwa kipimajoto chake, mara tatu. Hamsini na tatu, hamsini na moja, hamsini na mbili. Fundi anasema joto hilo ndilo lililoiua. Mtoto hana kosa."

Kwanza alicheka Bonifasia, kicheko kifupi kilichomtoka kabla hajakiziba kwa kanga. Kisha Ladislaus akaegemea mbele.

"Uliipandisha darini? Kama mbegu?"

"Kama mbegu."

"Ulitegemea iote?"

Sasa walicheka wote, pamoja na watoto waliokuwa mlangoni, na kicheko kilichukua muda mrefu. Kila kilipotaka kuisha mtu mmoja alisema "kompyuta darini" na kikaanza upya. Vitalia alisubiri. Masikio yalimwaka, na aliona kwamba Joakim hacheki, ila hakuinua uso.

Bibi Rosina hakucheka kwa sababu hakuwa amemaliza kuelewa. "Nyuzi hamsini na tatu," alisema. "Ni joto la namna gani?"

"Ni maji ya kuoga ambayo ukiyamwaga mguuni unauondoa," alijibu Luisa. Alikuwa akimtazama mama yake kama mtu anayesoma sentensi kwa mara ya pili.

"Na mbegu haziungui?"

"Mbegu zikiwa kavu zinavumilia, bibi. Betri ina maji yake ndani."

"Hm. Mimi pia ningeipandisha," alisema Bibi Rosina. "Sikujua. Sasa, Ladislaus. Umeambiwa kilichopasua."

Ladislaus alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa kushika neno lake, hata lile alilolitumia kukataa. Alitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua, safari hii akaisoma kweli, kidole kikifuata mistari mpaka kwenye elfu thelathini na moja na elfu sita.

"Ikikaa mahali pa baridi, itadumu muda gani?"

"Fundi anasema miaka mitatu," alisema Vitalia. "Huenda mashine ikafa kabla yake."

"Nusu ya bei natoa mimi, iliyobaki mchange," alisema Ladislaus. "Lakini kompyuta isilale tena kwa mama Luisa."

"Ni haki," alisema Bibi Rosina. "Itunzwe kwa Bonifasia. Luisa ataifuata asubuhi na kuirudisha jioni."

Vitalia aliitika, "Ndiyo, mama." Wakati wa kukusanya sinia Bonifasia alipita karibu naye, akainama.

"Simu ya mwanangu Aidan iko darini kwetu," alinong'ona. "Ile ya akiba."

"Ishushe," alisema Vitalia bila kugeuza kichwa.

*

Njiani kurudi, Joakim alitembea mbele kwa muda mrefu kwenye ukingo wa shamba la ngolo, akipita kati ya mashimo ya kilimo hicho cha Wamatengo, yaliyopangwa mlimani kama miraba ya wavu. Alisimama pale walipolazimika kufuatana mmoja mmoja.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ningekuambia wewe, ungeniambia ninyamaze."

Joakim alilipima hilo kwa uaminifu na akaona ni kweli. "Watalisema mpaka Krismasi," alisema.

"Mpaka Pasaka."

Luisa aliyekuwa nyuma yao alisema, "Mimi ndiye niliyesema unyevu. Sikukumbuka kusema joto. Na nilikuwa napima joto la samaki kila siku." Alikuwa anajiambia mwenyewe.

*

Betri mpya ilifika kwa basi siku ya Alhamisi. Praygod aliifunga mbele ya Vitalia, akamwonyesha namba, elfu arobaini, akamruhusu aguse meza. Nyumbani waliijaribu kwa saa ya mkononi ya Joakim: ilidumu saa mbili na dakika hamsini. Vitalia alitaka kurudia mara tatu, Luisa akakataa. Jioni hiyo Luisa aliibeba kwenda kwa Bonifasia, hatua mia mbili, na wanawake wawili waliokuwa wakichota maji walimuuliza kama mama yake ameacha kukausha vyombo vya umeme.

Jumanne saa nne kasoro kumi Luisa alikuwa amekaa nyumbani mbele ya meza aliyoiazima parokiani, ukuta mweupe nyuma yake, waya ukutani, simu dirishani. Vitalia alikaa nje kwenye kigoda chini ya taa ya baraza, ambayo aliiwasha makusudi mchana ili ajue umeme ukiondoka.

Alisikia sauti ya binti yake, kisha sauti za wanaume wawili na mwanamke mmoja. Walimuuliza kuhusu mchanga. Walimuuliza kwa nini vichanja kumi na vinane na si ishirini, na Luisa akasema viwili vilibebwa na maji, akataja tarehe. Mwanamke aliuliza kipimajoto kiliwekwa juu ya samaki au chini yao, na kama usomaji ulirudiwa. "Mara tatu kila kituo," Luisa alisema. Vitalia aliitikia kwa kichwa.

Taa iliwaka. Saa nne na robo, taa iliwaka. Saa nne na nusu iliwaka bado, bila hata kupepesa. Vitalia aligundua kwamba alikuwa ameanza kutaka izime. Alilichunguza wazo hilo, akaona kwamba halikuwa na maana yoyote isipokuwa kumpendeza Ladislaus, akaliacha, lakini macho hayakuacha taa. Walimaliza, pamoja na kutoa matokeo, saa tano kasoro dakika tano. Umeme haukuwa umekatika tangu alfajiri, na kwa kweli haukukatika mpaka siku ya pili yake.

Luisa alitoka nje. "Nimefaulu. Marekebisho madogo, kurasa nne."

Joakim alikuja mbio kutoka kwenye shamba la kahawa na jembe mkononi, akamkumbatia bila kuliweka chini. Walikuwa bado wamesimama hivyo simu ilipolia. Ladislaus. Luisa alimpa mama yake, kwa sababu yeye alikuwa analia.

"Shemeji, vipi? Amefaulu?"

"Amefaulu. Ana kurasa nne za kurekebisha."

"Asante Mungu! Nipo Ngaka, kwenye foleni ya kupakia, nimeshindwa hata kunywa chai." Nyuma yake injini ziliunguruma. "Na umeme? Ulikatika?"

Luisa alikuwa amesikia. Alifuta uso kwa kiwiko, akasogea karibu. "Sema ulikatika," alinong'ona. "Mama, dakika tano tu. Baba mdogo ana haki ya kufurahi." Joakim alitazama kando.

"Haukukatika, shemeji," alisema Vitalia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Taa imewaka tangu asubuhi, nimeitazama mimi mwenyewe."

Injini ziliendelea. Vitalia alisikia mlango wa lori ukifungwa, mtu akipiga honi, na mtu mwingine akimtukana aliyepiga honi.

"Kwa hiyo betri haijatumika," alisema Ladislaus.

"Haijatumika."

"Laki moja na thelathini imekaa tu humo ndani."

"Imekaa tu."

Kule Ngaka Ladislaus alikuwa akiitafuta hasira yake, ambayo alitegemea ingekuwepo, na hakuikuta. Alikuta tu hesabu, na hesabu ilikuwa sawa.

"Basi bado ni mpya," alisema, akakata simu, kwa sababu foleni ilikuwa imesogea.